Marubani wa usiku Normandy 1944: walijuaje aliye mbele ni adui?

Kip_wa_Nakuru:
Wadau habari zenu. Nimekuwa nikisoma mambo ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, Juni 1944, na kuna kitu kimenikwama. Usiku ndege za kivita za Waingereza zinalinda meli, ndege zao wenyewe za mizigo zinapita hapo hapo, Wajerumani nao wanakuja na mabomu, na ni giza totoro. Rubani alijuaje huyu mbele yake si mwenzake? Ile mistari nyeupe na nyeusi walipaka kwa mabawa usiku nani ataiona? Mwenye kujua anieleze polepole tafadhali.

Omondi_Dunga:
Kip ndugu yangu umeuliza swali la maana sana. Kwanza rubani hakuwa peke yake. Walitumia sana Mosquito, ndege ya mbao yenye injini mbili, ndani mko wawili bega kwa bega, rubani na mtu wa rada. Baharini kulikuwa na meli tatu za kuongoza ndege, FDT 13, 216 na 217, hizo zilikuwa meli za kushusha vifaru wakazigeuza wakafunga rada. Mtu wa meli anaongea na rubani kwa redio, pinda hivi, panda, shuka, mpaka wafike kilomita chache nyuma ya hiyo ndege, hapo sasa mtu wa rada anaishika kwa skrini yake na haachi kuongea, kulia kidogo, iko juu yetu, punguza mwendo, bado, bado. Rubani macho yake yako nje tu, kwa sababu akitazama mwanga atakuwa kipofu gizani kwa dakika nyingi.

Sasa rada inakuambia kuna ndege, haikuambii ni ya nani. Kulikuwa na kisanduku cha IFF cha kujibu rada kwamba mimi ni wenu, lakini kikiharibika ama mtu asahau kukiwasha basi unaonekana adui. Kwa hivyo lazima uone kwa macho. Ni kama wavuvi wa omena huku kwetu, taa unaiona mbali lakini mtumbwi ni wa nani utajua ukisogea. Walikuwa wanaingia kutoka nyuma na chini kidogo, wanatafuta umbo la mabawa dhidi ya anga, mtu wa rada anatoa darubini, wakati mwingine wako karibu mita mia moja hivi. Na ukifyatua mizinga minne ya milimita 20 kwa umbali huo, yule akilipuka vyuma vyake vinakujia wewe. Mimi hawa watu nawaheshimu zaidi kwa ile subira ya kutofyatua.

Mwalimu_Kakamega:
Asante Omondi. Na ile stori ya karoti ilitoka kwa mambo haya haya ya rada, miaka ya mwanzo ya vita, serikali ya Uingereza iliacha watu waamini kwamba rubani wao wa usiku John Cunningham anaona usiku sababu ya kula karoti, kumbe wanaficha rada. Wanafunzi wangu bado wananiambia hiyo ya karoti kama ukweli mtupu.

Kip_wa_Nakuru:
Asante mwalimu. Lakini makosa je, yalitokea?

Mzee_Lanet:
Yalitokea kijana wangu, tena ya kuumiza. Usiku wa kuamkia Juni 7 ndege za mizigo za Dakota zilikuwa zinawapelekea vifaa askari wa miavuli, zikapita juu ya meli, na wapiga mizinga wa meli za upande wao wakazifyatulia. Usiwalaumu haraka, Wajerumani walikuwa wanakuja usiku chini chini juu ya maji kutega mabomu ya baharini, baharia akisikia injini gizani anafyatua. Hata FDT 216 ilizamishwa Julai kwa topido ya ndege.

Na soma pia upande wa Wajerumani. Julai 13, 1944, ndege yao ya kivita ya usiku aina ya Ju 88 ilipotea njia ikatua Woodbridge, Uingereza, rubani akidhani amefika kwao. Waingereza kuikagua wakakuta kifaa kinaitwa Flensburg, kinanusa mawimbi ya Monica, ile rada ndogo ambayo ndege za mabomu za Waingereza zilibeba mkiani ili iwaonye adui akija nyuma. Yaani kitu cha kuwalinda ndicho kilikuwa kinamwita adui. Waingereza wakaitoa hiyo Monica kwa ndege zao.