Mtoto wa darasa la tano anaonewa njiani kwenda shule, Kabare (Kivu Kusini, Kongo). Tuanzie wapi?

Mzazi_Kabare: Salamu kwenu. Niko katika komite ya wazazi ya shule moja ya msingi. Kuna mtoto aliyetoka Bunyakiri, anazomewa kwa sababu Kitembo ndiyo lugha yake na Mashi, lugha ya hapa kwetu, inamkwama. Wakubwa wanamnyang'anya kalamu na muhogo njiani. Direkta, mkuu wa shule, aliwaita wote ofisini wakapeana mikono, lakini wiki iliyofuata ikazidi. Tulikosea wapi?

Mwalimu_Walungu: Kosa ni kule kupeana mikono. Mapatano ni ya wagomvi wenye nguvu sawa. Uonevu unakusudiwa, unarudiwa, na anayetendewa hawezi kujitetea. Ukiwakalisha pamoja, mdogo atasema "yameisha" kwa hofu, na wakubwa watajua nani alishtaki.

Waiteni mmoja mmoja, siku ileile, wasipate nafasi ya kupatana maneno. Muanze na mdogo. Muulizeni mahali na saa, kisha muandike: tarehe, nani alifanya, nani alitazama. Mrudi kumuuliza baada ya siku 3, halafu kila wiki kwa mwezi mzima. Shule nyingi huuliza mara moja tu, na mtoto anaelewa kwamba hakuna anayefuatilia.

Viboko msiviguse. Mkubwa akichapwa mbele ya wenzake, hasira itamwishia yule mdogo njiani.

MamaKadutu: Kweli kabisa, mwalimu. Ila daftari hilo lifungiwe kwa direkta. Mara nyingine mwonevu ni shefu wa darasa, yaani mwanafunzi kiongozi: amepewa kazi ya kuandika wapiga kelele, basi anadai peremende ili asikuandike.

Mwalimu_Walungu: Kuhusu njia, kila mtoto achore njia yake toka nyumbani, atie msalaba anapoogopa, bila jina. Misalaba ikirundikana darajani au kisimani, mzazi mmoja asimame hapo robo saa kabla ya kengele na robo saa baada ya kutoka. Watoto wa kilima kimoja watembee sita au wanane pamoja, na mwonevu asiwekwe katika kundi hilo.

Msisahau watazamaji. Uchunguzi wa Kanada uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba mtoto akiingilia kumtetea mwenzake, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Wafundisheni neno fupi, "Twende, unaitwa", kisha wamshike mkono waondoke naye. Wasipigane.

Mzazi_Kabare: Na kama mwalimu wake naye anacheka mtoto akikosea Mashi?

MamaKadutu: Ndugu, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya watoto! Kicheko cha mwalimu ni ruhusa kwa darasa zima. Direkta amwambie faragha. Mtoto apewe nafasi ya kusoma kwa sauti kwa Kiswahili, lugha ambayo wote wanaishiriki.

Na akianza kuumwa tumbo asubuhi za masomo tu, huku Jumapili ni mzima, msingoje kikao cha komite. Nendeni kwao siku hiyohiyo.