Kiswidi kwa mtandao: wanafunzi wanakwama kwenye nafasi ya kitenzi na urefu wa irabu

Kalamu_ya_Pwani:
Wakuu, habari zenu. Nina kikundi cha watu 6 wazungumzaji wa Kiswahili, wako SFI (masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji huko Uswidi) kozi C wanajiandaa kuingia D. Tunakutana Zoom mara mbili kwa wiki, dakika 60. Msamiati wanao, ila sentensi ikianza na neno la wakati inaharibika: *Idag jag går till jobbet* (leo mimi naenda kazini). Na wakitamka *glas* (gilasi) na *glass* (aiskrimu), sisikii tofauti. Nianze na kipi?

Mti_Mkavu:
Anza na kitenzi, ndugu. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi, "leo naenda", kwa hiyo hakuna mtenda wa kuhamisha. Kiswidi kinataka kitenzi chenye wakati kikae nafasi ya pili katika sentensi kuu, na *jag* (mimi) irudi nyuma yake: *Idag går jag till jobbet*. Sisitiza kwamba nafasi ya pili si neno la pili. *På måndag morgon* (Jumatatu asubuhi) ni maneno matatu, nafasi moja. Wengi wanapotelea hapo.

Chora visanduku vinne kwenye ubao wa Zoom, cha pili kiwe chekundu, kinapokea kitenzi tu. Toa sentensi moja, kila mtu aianze na kipande tofauti. Dakika 10 mwanzoni mwa kila kipindi, kwa mdomo. Vishazi tegemezi viache vingoje, maana huko *inte* (neno la kukanusha) inatangulia kitenzi (*att jag inte går*), na ukivileta wiki hiyohiyo kanuni zote mbili zitavurugika.

Sauti_Safi:
Kwenye irabu, kosa kubwa ni kufundisha irabu peke yake. Katika silabi yenye mkazo, irabu ndefu hufuatwa na konsonanti fupi, irabu fupi hufuatwa na konsonanti ndefu. Basi waambie waishikilie konsonanti: kwenye *tack* (asante) ulimi uzibe na usubiri kidogo kabla ya kuachia, kwenye *tak* (paa) wavute *a*. Vivyo hivyo *ful* (mbaya wa sura) na *full* (iliyojaa).

Kwa *y*, mtu atamke *i*, ulimi ubaki palepale, kisha aviringe midomo. *Ö* inatoka kwenye *e* kwa njia hiyohiyo.

Halafu angalia Zoom yenyewe. Kipunguza kelele chake huweza kula sauti za mvumo, *sju* (saba) na *tjugo* (ishirini) zikafika zimefifia, nawe ukamsahihisha mtu asiyekosea. Washa sauti asilia (Original Sound) ya Zoom, wavae visikilizi. Jozi za maneno wakutumie kwa WhatsApp, sekunde 30 zinatosha.

Mama_Ngeli:
Naongeza en/ett (viambata viwili vinavyoonyesha jinsia ya nomino), kwa sababu hapo Kiswahili kinawabeba. Anayesema "kiti kikubwa, viti vikubwa" upatanisho anaujua tayari: *en stor bil, ett stort hus, stora hus* (gari kubwa, nyumba kubwa, nyumba nyingi kubwa). Jinsia yenyewe haikisiwi. Nomino nyingi ni *en*, na wakizoea kubahatisha, *ett* haitakaa kichwani kamwe. Kila nomino iingie daftarini na maumbo manne: *ett hus, huset, hus, husen*.

Kalamu_ya_Pwani:
Shukrani sana. Vile vyumba vidogo vya Zoom, niwagawe watatu watatu?

Mti_Mkavu:
Wawili wawili, dakika 4. Wakiwa watatu, mmoja hunyamaza. Kila jozi irudi na sentensi tatu zilizoanza na wakati au mahali, wazisome kwa sauti mbele ya wote.