Pomboo wa Kisite: nimwulize nini nahodha kabla ya kulipa?

mratibu_ksm
Habari wakuu. Napanga ziara ya wanafunzi 28 kutoka Kisumu hadi Shimoni, tuone pomboo pale hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Wazazi wanauliza kama boti zinawasumbua pomboo. Je, zinawasumbua? Na tuchukue boti moja au mbili?

kasia
Zinawasumbua. Kule Kizimkazi, Unguja, watafiti waliona kuwa boti za watalii zikiwepo, pomboo hupunguza kupumzika, kula na kuchangamana, na muda mwingi wanakuwa safarini tu. Yaani nguvu inatoka, chakula hakiingii. Shark Bay, Australia, idadi yao kwenye eneo la utalii ilishuka baada ya waendeshaji kutoka mmoja kuwa wawili.

Mwulize nahodha anawakaribiaje. Jibu sahihi: kutoka ubavuni, nyuma kidogo, sambamba nao, bila kuwapita mwendo. Akibakiza mita 100 apunguze kasi, 50 atoe gia. Pomboo wakitaka kusogea, wasogee wenyewe. Dakika 20 zinatosha.

Kosa linalowapotosha abiria ni hili: boti inawapita mbio, inasimama mbele yao, injini inazimwa. Mle ndani inaonekana ustaarabu mtupu! Kumbe wamekatiwa njia, na kelele ya propela imeshafunika miluzi ambayo mama na mtoto hutafutana nayo.

wa_dunga
Naongezea. Wafikirie kama viboko wetu wa Dunga, pale Kisumu ziwani: viboko hao mchana hupumzika majini, na ukiwasogelea unawasumbua. Tofauti ni kwamba kiboko atakuonyesha hasira. Pomboo anaondoka tu, na mtalii anadhani anacheza.

Kundi lililobanana, linaloenda polepole na kuzama kwa pamoja, limepumzika, pita mbali. Wakipigapiga mkia majini, wakizama muda mrefu kuliko mwanzo au wakigeuza njia ghafla, ondokeni. Mtoto mchanga utamjua kwa mistari hafifu ubavuni. Hapo msikaribie kabisa, maana mama akikimbizwa hanyonyeshi.

mratibu_ksm
Shukrani. Boti je? Na kuogelea nao?

kasia
Moja kubwa, mradi ina kibali cha idadi hiyo pamoja na walimu, na kila mtu ana jaketi ya kuokolea inayomtosha. Mkikuta boti mbili tayari ziko na kundi, subirini mbali. Kuogelea fanyeni kwenye matumbawe, si kwa pomboo. Na bei inayoahidi "pomboo lazima" ikimbieni: nahodha wa namna hiyo atawafukuza pomboo mpaka muwaone.