Tupeane uzoefu: ulipogeuzwa na Kristo, uliishi vipi na watu wako wa zamani?

Mwanzisha uzi, Mbeya mjini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela.

Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Kanisani tunasikia shuhuda nyingi: nilikuwa mlevi, nilikuwa mzinzi, Yesu akaniokoa, haleluya, mtu anarudi kukaa. Tunapiga makofi na tunamshukuru Mungu kweli kweli. Lakini ushuhuda unaishia Jumapili. Jumatatu ndugu yule anarudi sokoni kwa wale wale, nyumbani kwa wale wale, na kijiwe chake cha zamani kiko palepale njiani. Hapo ndipo wengi tunapotaabika, na hapo ndipo hatusimuliani.

Katika Warumi 12:2 Paulo anasema, "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Aliwaandikia watu wanaoishi Roma, mji mkuu wa dola, wenye majirani na mabwana wasiomjua Kristo. Hakuwaambia wahame. Mimi naamini dunia hutushika kwa watu kuliko inavyotushika kwa vitu. Chupa unaweza kuiweka chini leo. Rafiki uliyekunywa naye, shemeji, mteja, bosi, mama mzazi, hao huwezi kuwaweka chini, na wengine Mungu mwenyewe hataki uwaache.

Naomba uzoefu wa eneo hilo tu. Msitaje jina la mtu wala la usharika. Wa madhehebu yote karibuni.

Mama wa viazi, Uyole

Amina mpendwa. Mimi nanunua viazi milimani, Uporoto na pande za Umalila, nasafirisha Dar.

Wanaojua biashara hii wanajua lumbesa. Gunia likishajaa, mdomo unaongezewa kipande cha gunia jingine, viazi vinapangwa juu kimoja kimoja kwa mkono, halafu linashonwa kwa kamba na ile sindano ndefu. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Lile linazidi, tena sana, na mkulima analipwa gunia moja. Watu husema wafanyabiashara tuna roho mbaya. Ipo hiyo, lakini kuna na sababu nyingine: ushuru unatozwa kwa gunia, nauli ya lori kwa gunia, upakiaji kwa gunia. Gunia kubwa linakupunguzia gharama zote hizo kwa mpigo. Ndiyo maana lumbesa haifi hata ikipigiwa kelele kila mwaka.

Nilikuwa nimeshaokoka na naimba kwaya, na lumbesa naendelea nayo. Hakuna mchungaji aliyewahi kuihubiri. Siku moja nasimamia ushonaji shambani kwa mama mmoja. Amekaa kwenye tuta, mtoto mgongoni, anatazama viazi vyake vinavyopandishwa juu ya mdomo wa gunia, hasemi neno. Anajua akisema nitahamia shamba la jirani. Mithali 11:1 nilikuwa naijua kwa kichwa tangu Shule ya Jumapili: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Siku ile ilishuka moyoni.

Nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikaanza kununua kwa kilo. Shida haikuwa wakulima, shida ilikuwa wenzangu. Tulikuwa akina mama kadhaa tunaochangia lori. Waliniona nawaharibia bei, wakanitoa. Mmoja akanitangazia sokoni kwamba nimejifanya malaika. Niliumia mno, maana ndio hao niliolia nao misibani.

Nilichofanya ni kubaki nao kwenye kikoba. Sikuwahubiria mizani hata mara moja. Zamu yangu ya kutoa hisa ikifika natoa, mwenzetu akiuguliwa naenda. Faida yangu imepungua, sitawadanganya. Ila wakulima wananitunzia viazi vizuri, na mmoja wa wale wenzangu siku hizi anaazima mizani yangu. Wengine bado, na tunasalimiana vizuri.

Mwanafunzi wa chuo, Iringa

Yangu ni fupi. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiingia, chumba chetu kizima kinabeti. Kufuta programu kwenye simu ilikuwa kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni Jumamosi jioni, mechi za Uingereza zinaanza, wenzako wamekaa kitanda kimoja wanapanga mkeka, wanakugeukia: "We unampa nani?" Kumbe nilichokuwa nakitamani ni kile kikao, hela ilikuwa kisingizio.

Sikuhama chumba. Nilijiunga na kwaya ya wanafunzi, mazoezi ni saa hizo hizo. Nikirudi nauliza nani kashinda, tunaongea mpira kama kawaida. Mmoja wao sasa ananipa hela yake ya chakula nimtunzie mpaka mwisho wa mwezi. Namtunzia, na simuulizi kitu.

Mkulima, Kilolo

Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa langu halikatazi mtu kunywa, linakataza ulevi. Kwa hiyo ndugu wa madhehebu mengine mniwie radhi, sitasema hapa kwamba ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni dhambi. Nasema kwangu mimi ulikuwa ndio bwana, na mtu hatumikii mabwana wawili.

Mama yangu alinisomesha kwa ulanzi. Mvua zikianza mianzi ikichipua, tunaamka kabla ya jua. Unakata ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, unafunga mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia, maji yanadondoka tone kwa tone. Jioni unarudi unakata tena. Wa asubuhi ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala, unakuwa kitu kingine.

Nilipogeuka, jambo la kwanza lililonipata ni msaragambo. Kwetu ukitaka watu waje kukulimia, unaweka ulanzi. Nikatangaza kwamba kwangu kutakuwa na chakula tu. Mwaka ule tulilima mimi na mke wangu, wawili peke yetu, na palizi ikatushinda nusu ya shamba. Mwaka uliofuata mke wangu akapika wali, maharage na nyama kidogo, wakaja vijana wachache wa jumuiya yetu na akina mama. Siku hizi wanakuja wa kutosha. Wanaotaka ulanzi wanaenda kwa wengine, na mimi kwa hao naenda kulima pia, jua likizama naaga.

Zito zaidi lilikuwa kwa mama. Niliposema sigemi tena, aliniuliza: "Mwanangu, unanihukumu mimi?" Neno hilo lilinichoma mpaka leo. Nilikaa chini nikamwambia, mama, kila ada uliyolipa Mungu aliiona, na mimi ndiyo niliyoila. Sikuhukumu wewe, najiokoa mimi.

Tukagawana mianzi. Chipukizi lisipokatwa ncha linakua, linakomaa, linakuwa mwanzi wa kusukia matenga. Na matenga ya nyanya pale Ilula yanatafutwa kila msimu. Inahitaji subira, mwanzi haukomai kwa msimu mmoja, lakini sasa nasuka na kuuza. Nusu iliyobaki mama bado anagema. Akichoka, mimi ndiye nambebea mbeta hadi barabarani. Katekista wangu anajua. Kama nakosea hapo, niambieni.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kilolo, kwetu sisi tungekuwa na maneno mengi juu ya hizo mbeta. Lakini kumbebea mzigo mama aliyekulea siwezi kukuita mkosaji kwa hilo. Endelea kumbebea.

Mama wa Rungwe

Ndaga fijo kwa uzi huu. Kwetu Injili ilifika mwaka 1891, Wamoravian walipoanza misheni Rungwe. Bibi yangu alikulia kwenye nyimbo hizo. Ni zaidi ya miaka mia moja, lakini msiba ukitokea ndipo unapojua nani amegeuzwa na nani amebatizwa tu.

Mdogo wangu alifariki ghafla. Tulimzika Kikristo, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri ufufuo vizuri sana. Baada ya maziko wazee wa ukoo wakajitenga pembeni, ikatoka hoja: kila nyumba ichange, watu waende mbali kupiga ramli, ajulikane aliyemla kijana wetu. Waliokuwa wanachangisha ni wale wale walioshika Biblia asubuhi.

Kukataa pale si jambo dogo. Asiyechanga huonekana ndiye anayeogopa kutajwa. Unaweza kufa mioyoni mwa ndugu zako, kwenu wenyewe, kwa mchango wa elfu chache. Nilimwendea baba mkubwa, nikapiga magoti, nikasema: "Baba, ya jeneza nimetoa, ya chakula nimetoa, na watoto wawili wa marehemu nitawachukua niwasomeshe. Ya ramli sitoi." Hakunijibu. Nikarudi jikoni nikaosha masufuria, nikalala na wenzangu kwenye mikeka mpaka matanga yakaisha. Niliona nikiondoka mapema watasema imani yangu imenitenga na damu yangu.

Walienda. Wakarudi na jina la bibi mmoja mjane wa ukoo wetu, mtu mzima asiye na mtoto wa karibu. Ukoo umegawanyika tangu hapo na watu hawapiti mlangoni kwake. Mimi napita. Nampelekea ndizi na chumvi, tunakaa uani ambapo kila apitaye barabarani anatuona. Wapo wasionisalimia kwa sababu hiyo mpaka sasa. Mtuombee, hasa yeye, maana usiku anaogopa.

Mke wa mkulima wa kahawa, Mbozi

Ninyi nyote mnasimulia upande wa aliyegeuka. Naomba niseme upande wa waliobaki nyumbani.

Mume wangu aliokoka kwenye mkutano wa injili wakati wa msimu wa kahawa. Pombe aliacha siku ile ile, na kwa mara ya kwanza hela ya kahawa ilifika nyumbani yote. Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Lakini akawa mkali kupita kiasi. Redio ikazimwa. Harusi ya mtoto wa kaka yake hakwenda, kwa sababu kutakuwa na muziki. Kaka mwenyewe anauza bia, basi akaacha kumsalimia, na hawa ni tumbo moja. Mimi niliyebatizwa utotoni, ninayesali kila Jumapili, akaniita mtu wa dunia mbele ya watoto. Watoto wakisikia hatua zake mlangoni wananyamaza. Naandika hili kwa uchungu: nilimwogopa akiwa ameokoka kuliko nilivyomwogopa akiwa mlevi.

Kaka yake akapata kiharusi. Mchungaji wetu, mzee mpole, alikuja nyumbani, akanywa chai, akamwambia maneno machache tu: "Nenda kamnyoe kaka yako." Mume wangu alikaa kimya muda. Kesho yake akachukua wembe na sabuni akaenda. Alimnyoa, akamkata kucha za mikono na miguu, akamgeuza kitandani, akambadilisha shuka. Kaka hawezi kuongea, akawa anamshika mkono tu hamwachii. Aliporudi usiku, alikaa jikoni na mimi, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu, akasema, "Mama watoto, nimewatesa."

Anaenda kule mpaka leo. Bia hajarudia. Kucheka amerudia, na redio inaongea. Kwangu mimi ndiyo siku aliyogeuzwa nia, ile ya kwanza ilikuwa ya kuacha pombe. Ninyi mliookoka karibuni, nawasihi kwa jina la Yesu, msitufanye sisi wa nyumbani kuwa ndio ile dunia mnayoikimbia.

Binti, Makambako

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote nikalia. Nahudumu grosari, baa ndogo, karibu na stendi. Nimeokoka juzi juzi. Mshahara huu ndio unaomlisha mwanangu na mdogo wangu aliye sekondari. Bosi si mtu mbaya, ila anataka nikae na wateja ili waagize zaidi, wengine wananishika. Wapendwa wananiambia niache kazi kesho. Nikiacha kesho, keshokutwa tunakula nini?

Mama wa viazi, Uyole

Marahaba mwanangu. Kukaa na wateja na kushikwa acha leo, hilo lisingoje. Mwambie bosi kwa heshima kwamba utahudumia kaunta au jikoni. Akikubali, fanya hivyo huku unatafuta pengine. Akikataa, ondoka, lakini kabla hujaondoka nenda kwa mama mchungaji umweleze mambo ya unga na ada waziwazi, usione aibu. Na hao wanaokuambia uache kesho, waulize kwa upole keshokutwa watakuja na nini.

Mwanzisha uzi

Naunga mkono neno kwa neno. Wapendwa mlioko Makambako na Njombe, mwenye mgahawa, duka, au anayejua wanakofungasha parachichi wanatafuta mtu, aandike hapa: kazi gani, wanalipa kiasi gani, aanze lini. Binti huyu asijibiwe "Mungu akubariki" peke yake.