Tupeane uzoefu: Mererani kabla ya ukuta, uliyoyaishi au uliyosimuliwa na wazee wako

Chalii wa Sakina:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi.

Aliyekulia Arusha au Moshi hakosi ndugu aliyepitia Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite, kabla serikali haijayazungushia ukuta. Baba mdogo, kaka, jirani aliyeondoka na begi la mgongoni akarudi na Land Cruiser, au hakurudi kabisa. Nimekuwa nikisoma historia ya mji ule na karibu kila mahali nakutana na jiwe tu. Jumanne Mhero Ngoma ndiye anayetambuliwa na serikali kuwa mgunduzi, mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikaliita tanzanite. Mwaka 1971 migodi ikataifishwa. Mzee Ngoma mwenyewe alikabidhiwa shilingi milioni 100 mwaka 2018, akiwa mzee anayeumwa, na mwaka uliofuata akafariki.

Hayo yote ni sawa, ila walioshuka chini kulitoa siwaoni. Nani alikuwa anawapikia? Walilala wapi? Waliumwa nini? Mererani sasa iko Manyara, lakini kabla mkoa huo haujakatwa mwaka 2002 ilikuwa Arusha, na nyumba nyingi za Sakina, Njiro na hata Moshi mjini zilijengwa kwa hela ya kule. Wazee wanaondoka. Naomba kila mwenye lake aliweke hapa, hata likiwa fupi.

Mjomba wa Kitalu B:
Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe.

Mimi niliingia kule nikitokea Rombo mwishoni mwa miaka ya themanini. Usimamizi ulikuwa umelegea, kila mtu anachimba alipopapenda. Mwaka 1990 ndipo eneo likagawanywa vitalu A, B, C na D. B na D vikawa vya wachimbaji wadogo, C kikaenda kwa kampuni kubwa. Sisi tukabaki B.

Kazi ilikwenda hivi. Tajiri mwenye leseni anatoa baruti, kompresa, mafuta ya jenereta na chakula. Mshahara hakuna. Unakula posho yako, ugali na maharage, unalala kambini, mnasubiri uzalishaji. Jiwe likitoka linauzwa, tajiri anachukua chake, nyie mnagawana asilimia mliyopatana. Nawajua watu waliokula maharage ya tajiri hadi wakaota mvi. Na namjua kijana aliyefika akakuta mgodi unatema, yaani unatoa mawe, kabla hajazoea hata kushuka akawa na hela ya kununua kiwanja Moshi.

Kushuka kwenyewe ni kamba ya manila na ngazi za miti zilizopigiliwa misumari. Kurunzi umeifunga kichwani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukifika chini unatambaa kwa tumbo. Vijana wembamba waliitwa nyoka, wao ndio waliopenya kwenye vijia vya mbele wakavuta udongo kwa viroba. Mwamba wa kule umejaa kinywe, ule unga mweusi unaong'aa unaotumika kwenye kalamu za risasi. Unateleza. Unaingia puani, masikioni, kwenye kope. Mkitoka juu nyote mna rangi moja, humjui mwenzako mpaka afungue mdomo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililotumaliza. Juu leseni zina mipaka yake, chini mtu anafuata mkanda wa jiwe popote unapokwenda. Unasikia nyundo za mgodi wa jirani, ngo, ngo, kila siku zinasogea, mpaka ukuta unatoboka mnaonana uso kwa uso. Ndio mtobozano. Kwanza ni ugomvi wa nani mwenye jiwe. Baadaye mashimo yakawa yameungana, mtu anaingia kwa tajiri huyu anatokea kwa yule.

Zikaja mvua za El Nino, 1998. Maji yaliingia kwenye mashimo ya bondeni, na kwa kuwa chini kote kumeungana, yakatembea mgodi kwa mgodi. Waliokuwa chini hawakujua yanatoka wapi. Walikufa watu wengi sana. Wengine walitolewa baada ya siku nyingi, wengine wako chini mpaka leo. Mwaka 2002 hewa ilikatika mgodini, wakafa zaidi ya 30 kwa kukosa pumzi. Machi 2008 mafuriko tena, makumi ya watu.

Kinachoniuma ni kwamba wengi nawakumbuka kwa majina ya mgodini tu. Huyu Kifimbo, yule Mkongo, yule Babu Songea. Majina waliyopewa na mama zao siyajui, kwa hiyo hata kwao sikuweza kupeleka habari.

Meku wa Kibosho:
Pole sana mjomba. Baba yangu mkubwa alikuwa wa kitalu D, na kilichomwondoa ni kifua.

Alikuwa anashika mashine ya kutoboa mwamba. Walitoboa pakavu, bila maji, vumbi lote linaishia kwa mwenye mashine. Alirudi nyumbani anakohoa, akatibiwa kifua kikuu, akapona, akaanza tena kukohoa. Baadaye akapelekwa hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, ambako wamewatibu wachimbaji wengi wa Mererani. Huko ndiko tulikoelezwa kwamba vumbi la mwamba linaacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi kwa dawa za TB. Na mapafu ya namna hiyo TB inayapenda, inarudi.

Kama una ndugu anayetoboa mwamba hadi leo, mwambie amwage maji wakati wa kutoboa na aende kupimwa hata kama hakohoi. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii lile vumbi laini. Baba mkubwa alijifunga kitambaa miaka yote.

Mama Neema wa Boma:
Mimi nilikuwa mama ntilie hapo Mererani, nikawalea wanangu kwa sufuria.

Daftari ndilo lilikuwa benki yao. Kijana anakula kwa mkopo, naandika jina na sahani. Siku mgodi unatema anakuja na bunda, analipa deni lake na la wenzake watatu, anaagiza soda kwa kila aliyekaa. Wengine walikufa na madeni kwenye daftari langu. Sikuwahi kuyafuta yale majina, daftari ninalo. Mjomba wa Kitalu B, huyo Babu Songea yumo, na ninaamini nimeandika jina lake la pili. Nitalitafuta.

Maji yalikuwa ya kununua kwa dumu, na ya kule yana chumvi na floraidi nyingi, angalia meno ya watoto waliozaliwa pale. Wanawake mgodini tulikatazwa, walisema tunafukuza jiwe. Pili Hussein alivaa kiume miaka mingi, wakawa wanamwita mjomba, akashuka nao na akapata mawe yake. Dunia nzima ilisoma habari zake. Akaja kuwa mwenye mgodi.

Broka wa Zamani:
Upande wetu madalali, hela ilikuwa Arusha mjini. Unafungua karatasi nyeupe, unaligeuza jiwe juani taratibu: upande huu bluu, huu zambarau, huu kahawia. La kahawia linachomwa kwenye tanuru ndipo bluu inatokea, na likiwa na ufa ndani linapasuka, hasara yako. Mwaka 2021 biashara ilipoamriwa ifanyike Mererani, sisi wa mjini tuliumia kweli. Lakini kwa haki, mji uliotoa jiwe ulistahili kupata soko lake.

Layoni wa Naisinyai:
Nasalimu wote. Sisi ndio tuliokuwa tukichunga pale kabla ya mashimo.

Ukuta uliagizwa Septemba 2017 siku Magufuli alipofungua barabara ya lami ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Mererani, ukafunguliwa Aprili 2018, kilometa 24.5. Wizi umepungua, kodi inaonekana, sipingi. Ila upekuzi getini kila siku unachosha, na waliokuwa wanachekecha udongo wa nje ya migodi, wengi wao akina mama na watoto, walipoteza riziki na hakuna aliyewauliza. Mwaka 2020 Saniniu Laizer, mfugaji wa hapa kwetu, aliuza serikalini mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, moja lina kilo 9 na zaidi. Akasema atajenga shule. Tulicheza mpaka asubuhi.

Chalii wa Sakina:
Mama Neema, naomba sana hilo daftari lisitupwe. Nitakuja Boma Jumamosi, nilipige picha ukurasa kwa ukurasa kama utaniruhusu. Mjomba, ukiweza tukutane huko huko, tuyasome majina pamoja, wewe utuambie nani alikuwa mgodi gani. Mwenye picha za zamani za kambini azilete, au aseme alipo nimfuate. Wa kitalu A na C bado sijawasikia.