Uraia na utaifa: ni kitu kimoja, au tumevifunga kamba moja tu?

MtuWaKibosho: Wakuu, habari za jioni. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Nauliza: kinachokoma ni uraia, au na Utanzania wake? Mimi naona uraia ni mambo yako na serikali: kura, pasipoti, kodi. Utaifa ni watu waliokulea na lugha unayoota nayo. Kenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Taveta ni hapo tu ukivuka Holili. Sisi tunaogopa nini? Hata hawa wenzetu wa ughaibuni wanaokuja Desemba kuchinja mbuzi na kupiga picha mgombani ni Watanzania.

BintiMachame: Kaka, umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Kuchinja mbuzi na kupiga picha? Niko Minnesota mwaka wa 19. Baba alipofariki nililipa viza dola 100, nikapanga foleni ya wageni na Kiswahili changu mdomoni, jeneza likinisubiri nyumbani. Afisa akaniuliza kwa Kiingereza nimekuja kutalii siku ngapi. Nikamjibu, "Nimekuja kuzika." Usinihesabie mbuzi.

MangiSoweto: Pole sana dada kwa msiba. Lakini hakuna aliyekushika mkono ukaape Marekani. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilivyoandikwa ilikuwa wazi, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kihamba, yaani shamba la ukoo la sisi Wachagga, si uwekezaji, ni makaburi ya babu zetu. Aliyebaki ndiye anayebeba samadi, anapogoa migomba, anamuuguza mama. Leo mtu arudi na pasipoti mbili agawane naye sawa?

BintiMachame: Mama alitibiwa kwa pesa ya nani, mangi?

LongidoHalisi: Mnagombania migomba. Mimi mama ametoka Kajiado, baba Longido, ng'ombe wetu wanakunywa maji ya pande zote. Mpaka ulitukuta hapa hapa. Ila msiseme uraia ni karatasi tu. Mmemsahau Anudo wa Babati? Alienda polisi kwa mambo ya kufunga ndoa, pasipoti ikazuiliwa, baadaye akafukuzwa nchini. Kenya nao wakamkataa, akabaki analala katikati ya mipaka pale Namanga.

WakiliMdogo: Si Namanga, ni Sirari. Na Mahakama ya Afrika, hapa hapa Arusha, iliamua Machi 2018 kwamba Tanzania ilimvua uraia kiholela. Hoja yako lakini imesimama. Lugha alikuwa nayo, na nyumbani kwao anapajua, ila havikumpa pa kulala.

MtuWaKibosho: Asante wakili, hapo ndipo nilipotaka tufike. Naomba tuache vihamba.

MamaHolili: Hatuachi. Mume wangu ni wa Taveta, tuna watoto watatu. Ningekuwa mwanaume nimeoa Mkenya, mke angeomba uraia kupitia ndoa yetu. Mimi mwanamke, sheria hiyo hiyo ya 1995 hainipi nafasi hiyo kwa mume. Kwa hiyo mkisema "taifa", mjue mnasema la baba.

MangiSoweto: Shikamoo mama. Sheria iliangalia mila. Mwanaume anaoa, mwanamke anahamia.

MamaHolili: Marahaba. Wangu amehamia kwangu, na hiyo samadi uliyoitaja anaibeba yeye.

BintiMachame: Asante mama. Basi niseme ukweli. Hata ningebaki raia, kihamba nisingepata. Uraia nimeupoteza kwa sheria ya nchi, kihamba nilishanyimwa na ukoo siku niliyozaliwa binti. Ndiyo maana naumia mkiniambia nilichagua.

MangiSoweto: Kimeenda kwa mziwanda?

BintiMachame: Kwa mziwanda, na simkatalii. Ila masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, upande wa mfereji, tulipanda mimi na baba nikiwa darasa la tano. Yeye anachimba, mimi nashika mche, ananiambia nisimame wima nisipindishe mstari. Desemba nimeyakuta yamenipita kichwa. Hiyo picha niliipiga, kaka wa Kibosho. Naomba usiitaje tena.