Mitambo ya upepo ya Ngong inasimama upepo ukivuma. Tununue wa nyumbani au tuachane nao?

MamaTumaini
Hamjambo wadau. Tunaishi Lang'ata lakini tunajenga Kiserian, na kuna fundi ametupa bei ya mtambo mdogo wa upepo wa kilowati 1 pamoja na betri. Anasema kule juu upepo haukosi, kwa hivyo stima itakuwa ya bwerere. Mume wangu ameshaingia boksi. Mimi kinachonitatiza ni ile mitambo mikubwa ya vilima vya Ngong. Jumamosi tulipita huko saa nane mchana, upepo wa kung'oa kilemba, vumbi kila mahali, na mitambo kama mitatu imesimama tuli huku wenzake wakizunguka. Sasa kama hiyo yenye wahandisi na makompyuta inasimama upepo ukiwepo, huu wangu utanisaidia nini? Naomba ushauri kabla hatujatoa malipo ya kwanza.

Kobe_wa_Rongai
Mjomba wangu anaapa kwamba ile huzungushwa na injini ya dizeli wakati waheshimiwa wanapita. Jumamosi hakukuwa na mheshimiwa 😂

FundiMnara
Mama Tumaini, usimsikilize Kobe. Nimefanya kazi ndani ya minara kama hiyo, nikueleze.

Mitambo ya Ngong ni ya KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, jumla megawati 25.5. Ile iliyowekwa 2009 ni Vestas V52: kilowati 850 kila mmoja, na mapanga yake yanafagia duara la upana wa mita 52. Mtambo huo hautoi stima mpaka upepo ufike kama mita 4 kwa sekunde. Nguvu yake kamili huipata karibu mita 16. Upepo ukizidi mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, unajizima wenyewe: mapanga yanajigeuza ubavu ili upepo upite bila kuyasukuma. Usipofanya hivyo utajivunja.

Ila Jumamosi yako haikuwa ya kilomita 90 kwa saa. Ingekuwa hivyo, mitambo yote ingesimama, na mabati ya Kiserian ungeyakuta barabarani.

Ukiona mmoja au mitatu imesimama katikati ya wenzake wanaozunguka, mara nyingi jambo liko ndani ya mtambo wenyewe. Labda mafundi wako juu. Hakuna anayegusa giaboksi kabla rota haijafungwa kwa pini. Labda kihisio kimoja kimeripoti joto kupita kiasi na kompyuta ikazima kwa tahadhari. Labda kuna kipuri kinasubiriwa kutoka ng'ambo, na hapo mtambo unaweza kukaa wiki nyingi. Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui: kichwa cha mtambo hugeuka kufuata upepo, na nyaya zinazoshuka ndani ya mnara hujisokota pamoja nacho. Zikisokotwa mizunguko kadhaa, mtambo unasimama, unageuka polepole kinyume mpaka nyaya zinyooke, kisha unaendelea na kazi. Mtu aliye chini haoni sababu yoyote.

Shabiki_wa_Gridi
FundiMnara amemaliza upande wa mashine. Upande wa pili ni gridi, yaani mtandao wa stima wa nchi nzima, na huu ndio unaotugusa mifukoni.

Stima ya gridi haina ghala la maana hapa kwetu. Inayozalishwa lazima itumike sekunde hiyo hiyo, la sivyo masafa, yaani mapigo ya stima kwa sekunde, yanatoka kwenye hezi 50 na mambo yanaharibika. Kituo cha kudhibiti gridi, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa Barabara ya Juja hapa Nairobi, ndicho huagiza nani azalishe na nani apunguze. Sisi hutumia stima nyingi jioni, kati ya saa moja na saa tatu hivi. Kufikia saa nane usiku nchi imelala, viwanda vingi vimefungwa, matumizi yameporomoka. Mvuke wa Olkaria ni wa kutoka ardhini, haupendi kufungwa na kufunguliwa kila saa. Mtambo wa upepo unaweza kupunguzwa ndani ya dakika chache tu. Basi nani ataambiwa apumzike?

Ubaya ni kwamba Loiyangalani, kwenye ule mradi wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310, upepo huwa na nguvu sana usiku. Yaani upepo unakuja wakati ambao hatuuhitaji.

Wakili_Mstaafu
Na mnakumbuka mitambo hiyo hiyo ya Turkana ilikuwa tayari 2017 ikabaki imesimama mpaka Septemba 2018? Upepo ulikuwepo. Kilichokosekana ni laini ya kuleta stima hadi kituo cha gridi cha Suswa, zaidi ya kilomita 400. Na serikali ilipigwa faini kwa kuchelewesha, maana mkataba ulisema hivyo. Mtambo uliosimama si wa bure, wanangu.

Kobe_wa_Rongai
Kwa hivyo tunalipia upepo tusioutumia??

Wakili_Mstaafu
Inategemea mkataba, kijana. Mwekezaji aliyekopa mabilioni hatakubali ulipaji wake utegemee usingizi wako.

Tumbusi_Hai
Niongeze moja kuhusu Kipeto, ule wa megawati 100 kule Kajiado. Kuna watu kazi yao ni kuangalia angani, na tumbusi akikaribia mitambo wanaagiza izimwe mpaka apite. Tumbusi wetu wako hatarini, na huzaa polepole sana. Kwa hivyo ukiona mtambo wa huko umesimama mchana kweupe, huenda ndege ndiye aliyeusimamisha. Mimi naona ni uamuzi mzuri.

MamaTumaini
Asanteni sana, nimejifunza. Sasa rudini kwa wangu. Fundi anataka kuufunga juu ya paa ili kupunguza gharama ya mnara. Upande wa mashariki jirani ana mikaratusi mirefu. Stima ya kawaida ipo ila hupotea potea.

FundiMnara
Juu ya paa hapana, dada. Nyumba itatetemeka usiku kucha, na upepo wa pale ni wa kuzungukazunguka, umeshavunjwa na ukuta na miti. Mtambo unataka upepo ulionyooka. Kanuni ya zamani ni kwamba mapanga yawe angalau mita 9 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Kwa mikaratusi hiyo, piga hesabu ya mnara mwenyewe. Upepo wa Ngong mnaouona barabarani ni wa kileleni, si wa ua wako.

Kisha soma kibandiko cha mtambo. Ile kilowati 1 kwa kawaida ni kwa upepo wa kama mita 12 kwa sekunde. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa spidi, maana yake upepo ukishuka nusu, mita 6, unabaki na takriban sehemu ya nane: wati 125 hivi. Hiyo ni taa, televisheni na kuchaji simu. Muulize fundi wastani wa upepo kwenye ploti yako ni ngapi. Akijibu "mwingi", mpe chai umuage.

Na betri zikijaa? Hapo utafanana na wale wa gridi. Mtambo mdogo hauachwi ukizunguka bila mzigo, utashika kasi mpaka uvunjike. Lazima kuwe na breki au hita ya kuchoma stima iliyozidi. Kama bei yake haina kifaa hicho, huyo hajui kazi.

Sola_Kila_Siku
Mama, weka paneli za sola. Kilowati 1 ya sola pande hizi hukupa kama uniti 4 siku ya jua zuri, haina kitu cha kuzunguka, haihitaji kupandiwa. Julai kukiwa na mawingu itapungua, kweli, lakini ongeza paneli mbili kuliko kujenga mnara.

MamaTumaini
Nimemsomea baba watoto haya yote. Amenuna kidogo, kisha anauliza: tukitaka kupima upepo wetu kwanza, kifaa kinapatikana wapi?

FundiMnara
Jaribuni maduka ya vifaa vya elektroniki pale Barabara ya Luthuli, Nairobi. Ulizeni kile cha vikombe vitatu kinachoweka rekodi, msichukue cha kushika mkononi. Kifungeni kwenye mlingoti kwa urefu ule ule mtakaoweka mtambo, na mkiache mwaka mzima kama mnaweza, maana upepo wa Agosti si wa Januari. Wakati huo malipo ya kwanza yakae benki.